Kufuata Shehena ya Lori Hadi Goma: Mwongozo kwa Makarani, Mawakala wa Forodha na Madereva

Mwongozo huu umeandikwa kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni karani wa duka la jumla au wa kampuni ya usafirishaji mjini Goma, ambaye kila asubuhi huulizwa swali lile lile: mzigo umefika wapi? Wa pili ni wakala wa forodha, deklara kama tunavyomwita hapa, anayezunguka na mafaili kati ya Rubavu na Goma. Wa tatu ni dereva aliyeshika usukani tangu Mombasa au Dar es Salaam. Wote wanahudumia safari moja, lakini kila mmoja anaona upande wake. Programu ya kufuatilia malori mtandaoni ina faida pale inapowafanya watatu hawa wajue jambo moja kwa wakati mmoja, na pale ambapo wamekubaliana mapema nani atafanya nini lori likisimama. Bila makubaliano hayo, ramani iwe nzuri vipi haitaokoa hata gunia moja la mchele.

Barabara yenyewe ni ndefu. Mzigo unaotoka Mombasa hupita Nairobi, huvuka Malaba au Busia, hupita Kampala, Mbarara na Kabale, huingia Rwanda kwa Gatuna, kisha Kigali, Musanze na Rubavu: zaidi ya kilomita 1,800. Unaotoka Dar es Salaam hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Isaka, huvuka Rusumo, halafu Kigali, na jumla yake ni takriban kilomita 1,650. Kila nchi njiani ina forodha yake, mizani yake, mitandao yake ya simu na mfumo wake wa kompyuta. Congo ilipata uanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, lakini uanachama huo haukuifanya mifumo hiyo iwe mmoja. Anayeziunganisha taarifa bado ni mtu aliyekaa ofisini, na huyo ndiye ambaye mwongozo huu unamlenga zaidi.

Hali ya mji nayo imeongeza uzito wa kazi hii. Wapiganaji wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mfanyabiashara aliyekuwa akileta vipuri au dawa kwa ndege alibaki na barabara na ziwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kujua lori liko Kabale au Kigali ni kujua kama atafungua duka wiki ijayo.

NUKTA KWENYE RAMANI NI YA KICHWA, SI YA MZIGO

Hili ndilo jambo la kwanza la kumfundisha kila karani mpya. Kifaa cha GPS ambacho kampuni za usafirishaji hufunga huunganishwa na betri ya kichwa cha lori. Tela huvutwa nyuma, na kontena limekaa juu ya tela. Vitu vitatu hivyo vinaweza kuachana njiani, na programu haitasema neno.

Fikiria kichwa kimeharibika gia karibu na Mbarara. Mwenye gari anatuma kichwa kingine, kinavuta tela, safari inaendelea. Kwenye ramani yako lori bado liko gereji. Unamtuliza mteja kwamba gari linatengenezwa, kumbe kontena limeshafika Rubavu na linahesabiwa siku za maegesho. Au kinyume chake: nukta inakimbia kurudi Kampala, mteja anaona mzigo wake umeibiwa, wakati tela limeegeshwa salama kwenye uwanja wenye mlinzi. Nimesikia ugomvi mkubwa ukianzia hapo, kwa sababu tu hakuna aliyeandika kwamba kichwa kimebadilishwa.

Kwa hiyo kila safari iandikwe kwa namba nne: ya kichwa, ya tela, ya kontena na ya lakiri, au sili kama madereva wanavyosema. Moja ikibadilika, dereva atoe taarifa kabla ya kuwasha gari tena, na karani aandike saa ya mabadiliko. Programu nyingi zina nafasi ya maelezo kando ya jina la gari. Itumieni.

Namba ya kontena inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndiyo inayofungua tovuti ya kampuni ya meli, faili la bandari na karatasi za forodha. Kwa kanuni ya kimataifa, ISO 6346, ina herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu ya saba hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia. Chukua namba inayotumika sana kufundishia, CSQU3054383. Herufi hupewa thamani: C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kurudufu hadi 512. Jumla ni 6,185. Ukigawa kwa 11 inabaki 3, na ndiyo ile 3 ya mwisho. Sasa karani aliyechoka akiandika CSQU3045383, yaani amepishanisha 5 na 4, jumla inakuwa 6,249 na baki ni 1. Haikubaliani na 3, basi namba ni ya makosa. Hesabu hii ikiwekwa mara moja kwenye jedwali la kompyuta, itakagua kila namba kabla haijatumwa kwa deklara. Kosa la tarakimu mbili likigunduliwa Goma linafutwa kwa kidole. Likigunduliwa mpakani, karatasi zinarudi zilikotoka na lori linangoja.

SILI YA FORODHA

Zamani mizigo ya tranziti iliyotiliwa shaka ilisindikizwa njiani na maofisa wa forodha, malori yakienda kwa msafara. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa sili za kielektroniki. Sili hiyo hufungwa kwenye mlango wa kontena au kwenye turubai. Ina GPS yake na laini yake ya simu, na hutuma taarifa kwenye vituo vya uangalizi Nairobi, Kampala na Kigali. Mlango ukifunguliwa, lori likiacha njia iliyoandikwa, au likisimama mahali pasipotarajiwa, kituo hupata arifa na kikosi cha forodha kinaweza kutumwa.

Kumbuka basi kwamba kuna macho mawili juu ya safari yako. Lako linatazama kichwa. La forodha linatazama mlango wa mzigo. Yakipishana, amini lile la forodha na uulize mara moja.

Dereva azingatie haya bila kupunguza. Asikubali mtu yeyote akate au afungue sili pasipo ofisa wa forodha. Gari likiharibika na mzigo ukalazimika kuhamishiwa lori lingine, ofisa aitwe kwanza, hata kama ni usiku na hata kama tajiri anapiga kelele kwenye simu. Akitaka kubadilisha njia, ruhusa itangulie. Na kila anapolala, apige picha mbili: moja ya sili ikionyesha namba, moja ya milango yote miwili pamoja na mazingira. Picha hizo zimeokoa madereva wengi kwenye mabishano kuhusu mahali mzigo ulipopungua.

Karani naye aulize mapema sili itavuliwa wapi. Ikivuliwa Rubavu, basi kuanzia hapo hadi depo ya Goma mzigo hauna jicho la forodha zile tatu. Ni mwendo mfupi, lakini ni mwendo wa foleni, wapakuzi na mikono mingi, na mara nyingine mzigo hushushwa upande wa Rubavu ukavushwa kwa malori madogo. Hapo hesabu ya magunia kwa mkono, mbele ya mashahidi wawili, ina nguvu kuliko kifaa chochote. Karatasi ya hesabu hiyo ipigwe picha na iingizwe kwenye faili la safari siku hiyo hiyo.

ISHARA, MTANDAO NA SAA

Kifaa cha GPS hupokea ishara za setilaiti bila kuhitaji mtandao wa simu. Lakini kuzituma kwako kunahitaji mtandao. Lori likiwa kwenye mabonde ya Kabale au likipanda milima kuelekea Musanze, kifaa kinaweza kujua kilipo na kisiweze kusema. Vifaa vizuri huhifadhi taarifa na kuzituma mtandao ukirudi. Ndiyo maana nukta hukaa mahali pamoja nusu saa, kisha ikaruka kilomita thelathini. Usitazame nukta peke yake. Tazama saa ya taarifa ya mwisho, ambayo kila programu huionyesha mahali fulani. Nukta yenye taarifa ya dakika nne zilizopita na nukta yenye taarifa ya jana zina sura moja kwenye ramani, na hapo ndipo makarani wapya hukosea.

Laini iliyo ndani ya kifaa ni jambo la pili. Laini ya Kenya isiyoruhusiwa kufanya kazi nje itanyamaza Malaba. Muulize muuzaji kwa maandishi: laini hii itasoma Uganda? Rwanda? Goma? Ukifika eneo la mpaka, mitandao ya Rubavu na Goma huingiliana, na simu ya dereva huweza kushika Rwanda akiwa Congo, na Congo akiwa Rwanda. Kifaa hufanya vivyo hivyo, na gharama ya data hubadilika.

Jambo la tatu linaihusu Kivu Kaskazini hasa. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 maofisa wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba ishara za GPS katika mkoa huu zinavurugwa, kiasi cha kuathiri ndege. Ishara iliyozuiwa hukufanya usione gari. Ishara ya uongo ni mbaya zaidi, kwa kuwa hukuonyesha gari mahali ambapo halipo. Kanuni nzuri ni hii: gari moja likiruka ghafla, mpigie dereva; magari yote yaliyo eneo moja yakiruka kwa pamoja, shuku ishara kabla hujamshuku mtu.

Halafu saa. Kenya, Uganda na Tanzania ziko UTC+3; Rwanda na Goma ziko UTC+2. Lori likitoka Katuna saa 10:30 kwa saa za Uganda na kuingia Gatuna dakika ishirini baadaye, saa ya Rwanda itasoma 9:50. Ripoti iliyochanganya saa mbili hizo itaonyesha kwamba lori liliingia Rwanda kabla ya kutoka Uganda, na ofisa anayetafuta sababu ya kulishika ataipata. Wekeni programu nzima kwenye saa za Goma. Na kwenye ujumbe, kila mtu aandike kwa tarakimu za saa ishirini na nne. Dereva wa Mombasa akisema atafika saa mbili, huenda ana maana ya 20:00. Karani wa Goma aliyezoea saa za Kifaransa ataelewa 14:00, na wapakuzi watalipwa kwa kukaa bure.

MAANA YA KILA KIMYA

Sehemu hii ndiyo moyo wa mwongozo, na kwa maoni yangu ndiyo ambayo kampuni nyingi huiruka. Hununua programu, hupewa neno la siri, huanza kutazama. Muuzaji ameweka arifa kwamba lori likisimama zaidi ya saa moja simu ilie. Basi inalia mizani ya Mariakani, inalia Mlolongo, Gilgil, Webuye, inalia foleni ya Malaba usiku kucha. Baada ya wiki hakuna anayeiangalia tena, na siku gari linaposimama mahali pabaya arifa hiyo inazama kati ya nyingine arobaini.

Arifa ziwekwe kwa mahali. Chukueni ramani, kaeni na madereva wenu wawili au watatu wenye uzoefu, mwaulize: hapa husimama kwa nini, na kwa kawaida kwa muda gani? Mizani ni lazima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya udhibiti wa uzito ya 2013 inayoweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na lori lililozidi litashikwa. Mpakani kuna foleni. Kuna sehemu za kulala zinazojulikana, zenye taa na mlinzi. Zungushieni kila mahali hapo duara kwenye ramani, wekeeni kila duara muda wake wa kawaida kutokana na safari zenu wenyewe. Arifa ilie muda huo ukipita. Nje ya maduara yote, iwe fupi sana, hasa usiku.

Kisha andikeni nani anapokea arifa na hatua inayofuata. Karani anampigia dereva. Asipopatikana, anampigia utingo, yaani turniboi. Utingo naye asipopatikana ndani ya muda mliokubaliana, msimamizi anampigia mtu wa kampuni aliye karibu na eneo lile, na kama sili ni ya forodha, anakiarifu kituo cha uangalizi kupitia wakala aliyefungua tamko. Namba za simu za hatua zote ziwe kwenye karatasi ukutani. Umeme wa Goma hukatika, na intaneti hukatika nao.

Simu yenyewe ina adabu yake. Swali la kwanza liwe la mtu, la pili la mzigo:

— Papa, hapa ni ofisi ya Goma. Naona gari limesimama tangu 13:10. Uko salama?
— Niko salama, mama. Tairi la tela limepasuka kabla ya Musanze. Turniboi anafungua.
— Pole sana. Sili umeiangalia?
— Nzima. Nimepiga picha, nitaituma mtandao ukirudi.
— Asante papa. Ukiondoka niandikie saa.

Dereva anayeanza kuulizwa habari za mzigo kabla ya afya yake hujifunza kuzima simu. Na dereva aliyezima simu humwachia karani nukta tu.

Ujumbe wa dereva uwe mfupi na wa umbo moja kila siku, ili mtu yeyote ofisini ausome. Kwa mfano: «Tarehe 14, 16:20 saa za Goma. Gatuna. Sili nzima, namba nimesoma. Karatasi ziko kwa deklara. Nasubiri.» Anayeona kuandika ni kazi atume sauti yenye mpangilio huo huo, na karani aiandike.

Njia zilizowekwa kwenye programu zipitiwe mara kwa mara, maana barabara za kwetu hufungwa kwa sababu ambazo programu haizijui. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa mwisho wa Januari 2022. Malori yakazunguka Mirama Hills na Kagitumba. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na lava ikakata barabara ya Rutshuru kaskazini mwa mji. Tarehe 13 Juni 2022 mji wa mpakani wa Bunagana ulitekwa, na waliokuwa wakileta mzigo kwa njia ya Kisoro wakalazimika kufikiria upya. Kampuni iliyoandika njia moja tu kwenye programu ilipata arifa za kuacha njia kila siku kwa miezi. Iandikeni ya pili na ya tatu tangu mwanzo, kila moja na vituo vyake.

KARATASI NAZO ZINASAFIRI

Malori mengi yanayoonekana yamesimama mpakani hayana tatizo la injini wala la barabara. Yanangoja karatasi. Ndiyo maana ukurasa wa safari kwenye programu, au jedwali lililo kando yake, uwe na safu ya karatasi iliyo hai sawa na safu ya mahali gari lilipo.

Kwa mzigo wa Goma, deklara afungue faili kabla meli haijafika. Hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi ziwe na jina la mpokeaji lililoandikwa sawasawa herufi kwa herufi. FERI, ile fomu ya kielektroniki ya OGEFREM, ofisi ya Congo inayosimamia shehena, namba yake iwekwe kwenye faili tangu mwanzo. Tamko la tranziti, T1 kama mawakala wanavyoliita, lina dhamana nyuma yake: mtu ameahidi kulipa ushuru iwapo mzigo utabaki njiani. Dhamana hiyo haifungwi na lori kufika. Inafungwa na ofisa wa kituo cha kutokea anapoandika kwenye mfumo kwamba mzigo umetoka. Lori limeshushwa Goma, dereva amelala nyumbani, na dhamana bado iko wazi kwa sababu kutoka kwake hakukuandikwa. Karani aulize uthibitisho huo siku ile ile, asingoje barua ya madai.

Upande wa Goma, utaratibu uliozoeleka ulizihusu DGDA kwa ushuru na OCC kwa ukaguzi wa ubora na wingi. Tangu 2025 ofisi zinazopokea malipo na namna ya kulipa zimebadilika, na anayetumia kumbukumbu ya kabla ya hapo atakwama. Deklara aandike kwa kila safari: ofisi ipi, siku gani, kiasi gani, risiti namba ngapi, na aipige picha risiti hiyo. Kufungwa kwa benki kumefanya malipo mengi yapitie simu au upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo pesa ya tozo zijulikanazo iandaliwe lori likiwa bado Uganda. Hapa ndipo ramani inapolipa gharama yake: lori likivuka Gatuna, karani anajua ana muda gani wa kutafuta fedha, na hamsumbui tajiri mapema mno wala kuchelewa.

NANI AONE, NANI ASIONE

Mahali lilipo lori lililojaa mafuta ya kula au simu ni habari yenye bei. Katika mkoa wetu kuna watu wangeilipia. Programu nyingi hutoa kiungo ambacho mtu yeyote akikibonyeza anaona gari likitembea. Kiungo hicho hakipaswi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, hata kama wote ni jamaa. Mteja apewe kiungo cha mzigo wake tu, chenye mwisho. Siku mzigo unapopokelewa, kife. Kila mfanyakazi awe na jina na neno lake la siri, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Kampuni inayotumia neno moja la siri kwa watu kumi haijui nani aliangalia nini usiku wa wizi.

Kuna baadhi ya vipande vya barabara ambapo ni afadhali hata mteja asione kwa wakati ule ule, aone baada ya gari kupita. Mwelezeni sababu, mteja mwenye busara ataelewa.

Dereva naye ana haki. Aambiwe kabla ya safari kwamba gari linafuatiliwa, kifaa kinaona nini, na taarifa zinakaa muda gani. Sheria za eneo hili zimeanza kulisema hilo: Rwanda ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Oktoba 2021, na Congo ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Fuatilieni gari. Simu yake binafsi iacheni, isipokuwa amekubali, na ikome akishuka.

Nasema jambo moja zaidi kuhusu madereva, kwa sababu linanigusa. Ramani imewapa baadhi ya matajiri njia mpya ya kumsukuma mtu. Wanaona gari limelala Kabale saa 21:00, wanapiga: mbona umelala? Mtu amekuwa barabarani tangu alfajiri, na mbele yake kuna milima, ukungu na mteremko. Programu hiyo hiyo inayoonyesha amelala inaonyesha pia ameendesha saa ngapi bila kupumzika. Ripoti hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza. Kampuni iweke kikomo cha saa za kuendesha kwa siku, ikiandike, na arifa ilie kikipitwa, imwendee msimamizi wala isimwendee dereva.

KUCHAGUA PROGRAMU

Sitakaa sana hapa. Zipo za kulipia kwa mwezi kwa kila gari, na zipo za wazi kama Traccar, ambayo kampuni yenye fundi wake inaweza kuiweka kwenye seva yake bila ada ya leseni. Ubora wa ramani usikuvutie kuliko mambo haya: taarifa zinaweza kutolewa nje kama jedwali, ili siku ukihama usipoteze historia, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida yenye intaneti dhaifu, inakubali vifaa vya aina tofauti, kwa kuwa malori ya kukodi yatakuja na vifaa vyao, na muuzaji ana mtu anayejibu simu Jumapili. Jaribuni kwa gari moja, safari moja kamili kwenda na kurudi, kabla ya kufunga yote.

Kampuni ndogo yenye magari mawili inaweza kuanza na jedwali linaloshirikiwa mtandaoni na ujumbe wa dereva wa umbo lile nililoonyesha. Ikiwa nidhamu hiyo imeshika, kifaa kitaiongezea nguvu. Ikiwa haijashika, kifaa hakitaileta.

Mzigo unaoendelea Bukavu kwa boti uanzishiwe safari mpya kwenye daftari, si kuongezwa mkia kwenye ile ya lori. Hesabu ya kupakia bandarini, jina la boti, saa ya kuondoka, na jina la anayepokea upande wa pili viandikwe kabla kamba haijafunguliwa. Kifaa kidogo cha betri kinaweza kuwekwa kati ya vifurushi, lakini katikati ya ziwa mtandao si wa kutegemea.

KUFUNGA SAFARI

Wengi hufuta safari kwenye programu mara mzigo unaposhuka. Kontena, ikiwa si lako, bado ni la kampuni ya meli, na linahesabiwa siku tangu lilipotoka bandarini. Siku za bure zikiisha, tozo ya kuchelewesha huanza kupanda kila siku, na dhamana uliyoweka kwa kampuni ya meli inaweza kuliwa yote. Lori linaporudi na kontena tupu, dereva akapata mzigo wa kurudia njiani, siku hizo zinaendelea kwenda. Kwa hiyo iacheni safari wazi. Namba ya kontena ibaki kwenye orodha, tarehe ya mwisho ya siku za bure iandikwe kando yake kwa rangi nyekundu, na arifa iwekwe siku kadhaa kabla. Dereva apige picha za kontena likiwa tupu: ndani, sakafu, kuta na milango, maana madai ya uharibifu huja baadaye. Faili lifungwe baada ya kupatikana vitu vitatu: uthibitisho kwamba mzigo ulitoka kwenye tranziti, karatasi ya hesabu iliyosainiwa depo Goma, na risiti ya bandari au ya uwanja wa makontena kwamba kontena tupu limepokelewa, yenye namba ile ile iliyoandikwa siku ya kwanza.